Namna ya kununua santuri za zamani bila kupigwa, pamoja na zile zilizonikosha mwaka huu

Watu wananiuliza sana habari za santuri, unaanzaje, unanunua wapi, unajuaje hii nzima na hii imebaki ya kutundika ukutani tu, na kwavile majibu ni yale yale nimeona bora niandike yote mara moja. Nitachanganya humohumo na zile nilizonunua ndani ya mwaka uliopita zikanikosha, maana kuelekeza watu kununua bila kutaja muziki wenyewe ni udalali. Naongelea hasa muziki wa kwetu, dansi, rumba ya Kongo iliyopitia Nairobi, taarab. Wewe wa jazz ya Marekani mambo ya sindano na kuosha yatakufaa, mengine pitia tu.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili tusizungushane: nunua sahani, usinunue kava wala usinunue jina. Mtu anaona picha ya Franco, yule nguli wa rumba ya Kongo, na gitaa lake kwenye kava anatoa hela kabla hata hajachomoa sahani ndani, na hao ndio wateja wauzaji wanaowapenda kuliko wote.

SAHANI ZENYEWE

Utakutana na aina tatu. Kuna zile za kale kabisa zinazozunguka mara 78 kwa dakika, nzito, ukiidondosha inapasuka vipande, kwasababu hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, ule utomvu unaotolewa na wadudu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 ndio sahani za namna hiyo zilizotoka. Ukizikuta ni hazina, ila kama ndio unaanza ziangalie kwa macho tu. Mashine nyingi za siku hizi hazina spidi hiyo, alafu zinataka sindano yake maalum nene zaidi, ukiweka sindano ya kawaida inazama mpaka chini ya mfereji, ule mstari uliochongwa wenye muziki, inaokota makelele na vumbi la miaka yote.

Kuna LP, inchi 12, mzunguko 33 na theluthi, hizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Mwaka uliofuata zikaja ndogo za inchi 7 zinazozunguka 45. Sasa hapa kwenye ndogo ndio wanaoanza wengi wanapotelea. Wamesoma ya Wazungu kwamba albamu ndio kazi kamili ya msanii, basi wanazikimbilia LP na kuzidharau 45. Huko kwao sawa. Kwetu miaka ya 60 na 70 bendi ilikuwa inaingia studio kutoa 45, na LP nyingi za bendi zetu ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye 45. Yaani ukitaka kitu chenyewe kama kilivyotoka na kupigwa baa na harusini, tafuta ndogo.

Alafu kuna utamu wake. Wimbo wa dansi wa dakika nane tisa hauenei upande mmoja wa inchi 7, kwahiyo wanaukata. Upande A unapata sehemu ya kwanza, mashairi, sauti, hadithi ya mtu alivyoumizwa, unafika mwisho inafifia, unanyanyuka unageuza, upande B unaingia moja kwa moja kwenye chemko, magitaa yanajibizana na saksofoni juu na hakuna tena habari za hadithi. Mwaka huu nimepata 45 ya Sina Makosa ya Les Wanyika, wale waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978, na pamoja na kwamba huu wimbo nimeusikia maisha yangu yote kwenye daladala na redioni, kuusikia umekatwa hivyo ni kitu kingine kabisa. Ile kunyanyuka kugeuza imo ndani ya wimbo. Na kwavile 45 inazunguka haraka zaidi, kila sekunde ya muziki inapata nafasi ndefu zaidi kwenye mfereji, ndio maana besi inakuja imeshiba kuliko ukisikiliza wimbo huohuo umebanwa kwenye LP yenye dakika 25 kila upande.

Jambo lingine la kujua kabla hujaanza kuhangaika, hasa sisi wa Tanzania. Nyimbo nyingi sana tunazozipenda hazijawahi kutoka kwenye santuri. Zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kwenye tepu, zikapigwa hewani, zikabaki kwenye tepu pale pale. Viwanda vya kuchapa sahani vilikuwa Nairobi, bendi ikitaka sahani inabidi kazi yake ivuke mpaka, na mpaka wenyewe ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983. Kwahiyo mtu akikwambia anayo "orijino" ya wimbo fulani wa RTD hebu muombe picha ya lebo kwanza, ile karatasi ya katikati ya sahani. Zipo zilizofanikiwa kutoka, Nairobi kulikuwa na lebo, yaani kampuni ya kutoa sahani, inaitwa Ahadi ilitoa LP za bendi za Tanzania miaka ya 80, DDC Mlimani Park ikiwemo, na hizo ndio watu tunatafutana kwa tochi.

MASHINE, KWA UFUPI

Sitaki kukaa sana hapa maana kuna watu wanaweza kubishana kuhusu mashine mwaka mzima na hawana sahani hata kumi. Epuka vile visanduku vya kukunja vya rangirangi vinavyouzwa kama zawadi. Mkono wake mzito, sindano yake duni, spika zimo humohumo ndani zinatikisa sindano, na sahani ya mwaka 1975 iliyovumilia baa tatu haistahili kufia hapo. Kama bajeti ndogo Audio-Technica LP60X inatosha kabisa, ina priampu ndani, unachomeka kwenye spika zako unasikiliza. Kama unaweza kupata Technics ya zamani, ile SL-1200 ya madijei iliyoanza kutoka 1972, na fundi akathibitisha spidi haipepesuki, chukua.

Mashine ya mtumba toka Japani au Marekani angalia umeme kabla ya kitu kingine. Japani ni volti 100, Marekani 120, sisi 230, ukichomeka bila transfoma umeiunguza mbele ya macho yako. Na hata ukiweka transfoma kuna mtego wa pili watu hawausemi: baadhi ya mashine mota yake inafuata mzunguko wa umeme, Marekani ni hezi 60 na kwetu ni 50, kwahiyo itazunguka polepole kwa moja ya sita na Mbaraka Mwinshehe atasikika kama ana usingizi. Muulize muuzaji kama mota ni ya DC, yaani haifuati mzunguko wa umeme wa ukutani. Kama ni DC hilo la hezi halikuhusu.

Kingine ni ile tundu ya PHONO nyuma ya amplifaya. Sahani zote za LP na 45 besi ilipunguzwa wakati wa kuchonga ili mfereji usipanuke ovyo, kuna kifaa lazima kiirudishe, ndio hiyo priampu. Ukichomeka gramafoni isiyo na priampu moja kwa moja kwenye tundu ya kawaida ya AUX utasikia sauti ndogo, nyembamba, kama redio iko chini ya mto, utadhani santuri mbovu kumbe ni waya.

Na sindano. Mashine ya mtumba ikifika, badilisha sindano kabla hujagusa sahani yoyote ya maana. Huwezi kujua ile ya zamani imekula masaa mangapi, na sindano iliyoliwa inachonga mfereji, kila ukipiga unapunguza muziki. Kila kichwa cha sindano kina uzito wake wa kukandamiza sahani, kwa mfano hii AT-VM95E ninayotumia mimi wenyewe wanasema gramu 2. Usikae ukaweka sarafu juu ya kichwa ili isiruke. Nimeona kwa macho yangu mtu anafanya hivyo na sahani za marehemu baba yake.

KUKAGUA, HAPA USIHARAKISHE

Umekuta boksi. Muuzaji anakuangalia. Usionyeshe furaha ukikutana na kitu unachotafuta, chomoa sahani tatu nne za ovyo uziangalie kwa umakini ule ule, alafu ndio ufike kwenye yako. Huu sio ujanja mbaya, ni biashara, na yeye anajua.

Chomoa sahani kwa kuishika ukingoni na kwenye lebo tu. Iinue usawa wa jicho uitazame kwa ubavu kama fundi seremala anavyotazama ubao, ikiwa imepinda utaona mara moja. Kupinda kidogo kwa wimbi refu la taratibu sindano inapanda na kushuka bila shida. Kupinda kwa ghafla, kama kuna kona, hapo sindano itaruka, achana nayo. Huko kwetu joto ndio adui mkubwa, sahani ikiachwa kwenye gari la jua au dukani karibu na dirisha inajikunja na huwezi kuinyoosha ikarudi ilivyokuwa, usidanganywe na habari za kuweka kati ya vioo viwili.

Washa tochi ya simu uimulike kwa pembeni, sio kwa juu. Mwanga wa pembeni unaonyesha kila kitu ambacho taa ya dukani inaficha. Vijistari vidogo vidogo kama nywele, ambavyo ukipitisha ukucha huvihisi, vingi vinasikika kidogo au havisikiki kabisa. Mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha, huo utausikia, tak, tak, tak, kila mzunguko, kwenye LP ni kila sekunde moja na nukta nane. Na uangalie mkwaruzo umelala vipi. Ukikata mifereji kwa kuvuka utapiga tak na kuendelea, lakini ukiwa unafuata mfereji sambamba ndio unaofanya wimbo kujirudia sehemu moja au kuruka, huo ni mbaya zaidi hata kama kwa macho unaonekana mdogo.

Alafu rangi. Sahani nzima inang'aa nyeusi. Ikiwa imefifia, ina ukijivu kwenye mifereji hata baada ya kufutwa, hiyo imechakazwa na sindano nzito na hakuna maji wala sabuni itakayoirudisha. Hii ndio kasoro kubwa ya sahani za huku kuliko mikwaruzo, kwasababu zilipigwa kweli, kila wiki, baa, kwa sindano ambayo haikubadilishwa. Sahani ya kijivu isiyo na mkwaruzo hata mmoja itakuunguza masikio, na yenye mikwaruzo michache lakini mifereji ina giza na inang'aa itapiga vizuri tu.

Angalia tundu la katikati. Kwenye lebo kuzunguka tundu kuna vijistari vya mtu aliyekuwa anatafuta mahali pa kuingiza, kila vinavyokuwa vingi ndio sahani imepigwa mara nyingi, na hiki ni kipimo ambacho wauzaji wengi hawakifuti kwasababu hawakijui. Jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu kwenye lebo kwangu halina shida, tena napenda. Wazungu wanapunguza bei kwa hilo, litumie kupunguziwa.

Mwisho soma sehemu laini isiyo na muziki karibu na lebo. Kuna namba zimechongwa kule, zilinganishe na namba ya lebo. Kwenye lebo nako usisome jina la bendi tu, soma namba, kwa mfano LP za Polydor ya Kenya namba zake zinaanza na POLP. Na hakikisha sahani iliyomo ndiyo ya kava. Kwenye boksi la mtu aliyekuwa na sherehe nyingi, sahani na makava zilishaachana zamani.

Kama kuna gramafoni hapo dukani omba kuisikiliza, na usisikilize mwanzo, peleka sindano wimbo wa mwisho wa upande. Kule ndani mduara ni mdogo, sauti inabanwa, uchakavu unasikika kwanza pale, sauti za "s" zinaanza kutoka kama mafuta ya kukaangia. Wimbo wa mwisho ukiwa safi, wa kwanza utakuwa safi.

WAPI

Nairobi bado ndio makao makuu. Kenyatta Market kuna santuri za kutosha kumfanya mtu asahau alikuja kula nyama choma, na Melodica pale Tom Mboya Street ni duka la toka enzi za sahani zenyewe. River Road ndio ilikuwa mtaa wa maduka na lebo za muziki, siku hizi ni kubahatisha.

Dar hatuna mtaa wa namna hiyo, huku ni watu. Mafundi redio wa zamani, wazee waliokuwa na baa, na zaidi familia zinazosafisha nyumba ya mzazi. Taarab tafuta Unguja, Tanga na Mombasa. Mombasa kulikuwa na Assanand waliokuwa na lebo ya Mzuri, wao walirekodi taarab na dansi nyingi ya pwani, ukiona neno Mzuri kwenye lebo simama.

Ukienda nyumbani kwa mtu enda kama mtu. Shikamoo mama, habari za hapa, poleni na mzee, nimeelekezwa na fulani kwamba mzee alikuwa mpenzi wa muziki. Usianze na bei, omba kuziona, na ukikaa utahadithiwa nani alipiga tarumbeta na nani alimchukua mke wa nani. Mama mmoja aliniambia "hizi siuzi mwanangu, lakini hii moja nataka niisikie kabla sijafa, mashine iliharibika zamani". Nikaichukua nikaisafisha nikairekodi nikamtumia mjukuu wake kwenye simu wakamwekea, na siku nyingine aliniita mwenyewe akanipa boksi zima la 45 kwa bei ambayo nilimuongezea. Sio kila kitu kwenye boksi la mtu ni cha kununua siku unayokiona. Na kuwaachia familia nakala ya kusikiliza ni haki yao hata kama hawajaomba.

Mtandaoni ni Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana sahani. Faida yake kubwa kwangu sio kununua, ni kujua. Kila toleo lina ukurasa wake, picha za lebo, namba, na bei ya chini, ya kati na ya juu ambayo limeuzwa. Angalia ya kati. Ile ya juu ndio muuzaji wa mtaani atakuonyesha kwenye simu yake, mwonyeshe na wewe ile ya chini, mtaelewana katikati. Hali za sahani wanaandika kwa herufi, NM ni karibu mpya, VG+ ina dosari ndogo, VG utasikia kelele lakini muziki uko juu, G (Good) jina lake ni zuri lakini maana yake mbovu. Sahani za Afrika Mashariki usitegemee NM, VG ya kweli furahi. Ukiagiza nje hesabu usafirishaji na ushuru, VAT peke yake kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, na mwambie muuzaji atume sahani nje ya kava ndani ya kifurushi hichohicho, maana ikiwa ndani ikichezacheza njiani inachana kingo za kava.

Ndugu zetu mlioko Ulaya mna bahati moja ambayo hamuitumii. Muziki wetu mwingi ulichapwa huko miaka ya 80 na unakaa kwenye maduka ya mitumba kwenye kisanduku kimeandikwa Afrika tu, katikati ya ngoma za Senegali na kwaya za Afrika Kusini, na mwenye duka hajui kilichomo. Hivyo ndivyo nilivyopata vitu viwili vya mwaka huu, vimeletwa na mtu anayekuja likizo: Agwaya ya Orchestra Makassy ya 1982 na Kaivaska ya Super Mazembe ya 1983, zote za lebo ya Virgin ya Uingereza. Makassy ndio walikuwa wametoka Dar kuhamia Nairobi. Kuna watu wanasema hizi sio halisi kwasababu zimechapwa kwa Wazungu. Mimi nasema hivi, uchapaji ni wa kimya, besi imekaa, magitaa matatu ya Mazembe unaweza kuyahesabu moja moja kushoto na kulia, kitu ambacho kwenye kopi nyingi za Nairobi zilizochakaa huwezi. Kati ya hizo mbili mimi Agwaya naipiga zaidi, haina papara.

KUOSHA NA KUTUNZA

Kila sahani ya mtumba ioshwe kabla ya kupigwa, hata ikionekana safi. Unahitaji maji yaliyochujwa madini, tone moja la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini cha maikrofaiba. Maji hayo petroli stesheni wanayauza kama maji ya betri, ila soma chupa vizuri maana pembeni yake kuna asidi ya betri na chupa zinafanana. Maji ya bomba yana chumvi, yakikauka yanaacha unga kwenye mfereji umerudi kulekule. Futa kwa kuzunguka kufuata mifereji, usivuke, lebo isilowe, suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, simamisha ikauke kivulini.

Spiriti kidogo ndani ya maji inasaidia kwenye LP yenye mafuta ya vidole au kuvu, lakini kwenye zile za 78 USITUMIE, spiriti inayeyusha shelaki, utafuta Siti binti Saad akaisha kwenye kitambaa.

Zisimame wima kama vitabu, zisilale moja juu ya nyingine, mbali na jua na mbali na nyuma ya friji. Karatasi za ndani zilizoliwa na unyevu badilisha. Pwani kuvu ni ugonjwa wa kila msimu wa mvua, fungua kabati mara mojamoja hewa ipite.

ZILIZOBAKI ZA MWAKA HUU

Baada ya Mbaraka Mwinshehe kufariki kwenye ajali ya gari Mombasa Januari 1979, Polydor ya Kenya ilitoa LP kadhaa kwa jina la Ukumbusho, zimepewa namba za juzuu. Hizi ndio sehemu nzuri kuliko zote ya kuanzia kama unataka LP ya Kitanzania, kwasababu zilichapwa nyingi, zinapatikana, na bei bado inaongeleka. Yangu kava limechanika pembe zote na nyuma mtu amepiga hesabu za duka kwa peni, sukari, mchele, khanga. Sahani yenyewe nyeusi ti. Muuzaji alipunguza kwa ajili ya kava, nikamshukuru.

Mario ya Franco na TPOK Jazz, 1985. Nakala zake zipo nyingi, nyingine zimekufa, kwahiyo usinunue ya kwanza unayoiona, subiri. Huyu ndio Franco anayelalamika kuhusu kijana anayelishwa na mama mtu mzima, anaongea zaidi ya kuimba, na mwimbaji Madilu pembeni. Ukiipata yenye mifereji hai utasikia jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Songs the Swahili Sing, taarab za pwani ya Kenya, lebo ya Original Music ya Marekani, 1983. Jina la Kiingereza lisikutishe. Nyota, ya Black Star na Lucky Star za Tanga, Globestyle ya Uingereza, 1989, hii ndio LP niliyoipiga kuliko zote mwaka huu. Taarab ya Tanga ilikuwa na gitaa la umeme na besi na mwendo wa kucheza, ilikuwa mbali na ile ya Unguja ya vinanda na ukumbi, na kwenye sahani nzuri ile besi inatembea mpaka jirani anauliza. Na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, Real World, mwaka huohuo 1989, ambayo wengi wanayo kwenye CD na kaseti, ya santuri si rahisi kuipata, nimeilipia zaidi ya nilivyopanga na sijutii.

Za kuchapwa upya pia nanunua, wanaozidharau waache. Kenya Special ya Soundway, 2013, ni sahani tatu kwenye kava moja, ndani kuna 45 ambazo ukitaka orijino zake zote utauza kiwanja. Angalia kitu kimoja tu kwenye za kuchapwa upya, lebo inayotaja wanamuziki kwa majina, ina maelezo ndani, na inasema imelipa nani haki. Ile isiyosema chochote, kava ni picha imeskaniwa na kufifia, mara nyingi mtu amechukua MP3 akachapa, sauti yake ni bapa na familia ya mwanamuziki haijaona senti.

Kwa sasa natafuta Mlimani Park yoyote ya Ahadi. Mwenye nayo anitumie picha ya sahani imemulikwa kwa pembeni na picha ya lebo, kava hata kama limeliwa na panya hakuna shida.